Tupeane uzoefu: AC imetoka gereji lakini kwa jam inapuliza joto

Wa Donholm (mwenye uzi)
Wadau, gari imetoka gereji juzi, wameweka kompresa nyingine na kujaza gesi, nikatoka hapo baridi mpaka nikapunguza. Sasa nikishikwa na jam Mombasa Road hewa inakuwa vuguvugu, barabara ikifunguka baridi inarudi. Fundi anasema nirudi aongeze gesi. Aliyepitia hii aseme ilikuwa nini.

Wa Rongai
Gesi ngoja kwanza. Yangu ilikuwa hivyo hivyo na shida ilikuwa feni ya kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele, inayopoza gesi ya AC). Ukitembea upepo wa barabara unapoza kondensa, ukisimama imebaki feni peke yake. Washa AC, fungua boneti, angalia inazunguka (mikono mbali). Mimi walifungua mbele wakasahau kurudisha plagi yake, halafu wakaanza kulaumu kompresa.

Msee wa Umoja
Ama gesi imezidi. Dalili zinafanana.

Fundi, Ngara
Mkubwa, kabla mtu aongeze chochote mwambie aweke geji zote mbili za presha mbele yako, ya bluu (upande wa presha ya chini) na nyekundu (upande wa presha ya juu), wengi huweka ya bluu tu. Kwa R134a (gesi ya AC ya magari mengi) injini ikinguruma bluu inacheza 25 mpaka 45 psi, nyekundu 150 mpaka 250 hivi, inategemea joto la siku. Zote zikiwa juu shuku feni, kondensa chafu, gesi imezidi ama hewa imebaki ndani. Zote chini gesi imetoka, sasa tafuta inapovujia, usijaze tu. Bluu juu na nyekundu chini hapo kompresa haisukumi hata kama umeinunua jana, na nyingi tunazofunga ni eksi-Japan (zimeshatumika huko) so usishangae. Gesi nayo inajazwa kwa mizani, gramu ziko kwa stika chini ya boneti, hakuna kitu kama "jaza mpaka ipoe". Na wale wa kusoma mtandaoni ati vakyumu (kunyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi) lazima ifike inchi 29 kwa geji, hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, geji ya kawaida itagota kama 24 na pampu ni nzima. 29 katafute Mombasa.

Mama wawili, Kahawa
Asante fundi, hiyo ya 24 karibu inigombanishe na mtu. Yangu ilikuwa tofauti, walitoa dashibodi, ikarudi joto tupu na kila fundi ananiuzia gesi. Kuna mzee alishika tu ile paipu nene ya aluminiamu inayoingia kwa dashibodi, baridi na inatoa jasho. Akasema gesi iko sawa, kile kilango cha kuchanganya hewa ya hita kimekwama. Kweli.

Wa Ruaka
Wenye haibridi ulizeni oili gani imewekwa. Kompresa ya umeme haitaki PAG (oili ya AC za kawaida), oili hiyo inapitisha umeme, mataa ya dashi yatawaka.

Wa Donholm
Nimesimama petroli stesheni nikafungua. Feni ya kushoto inazunguka, ya kulia imelala kabisa. Nimempigia fundi ananiambia "hiyo ulikuja nayo hivyo" 😂. Rilei yake (ile swichi ya umeme ya kuiwasha) hukaa wapi?

Wa Rongai
Mara nyingi boksi ya fyuzi chini ya boneti, soma kifuniko. Kama ya honi ina namba sawa badilishana uone. Ikikataa, peleka waya ya betri moja kwa moja kwa mota, ama mwachie fundi umeme.