Mrejesho: darasa la tatu na miwani ya Cyrus Kabiru

Wakuu habari zenu, nilikuja hapa kuuliza nitafundishaje sanaa darasa la tatu, watoto 58 na rangi hakuna, mkaniambia nianze na yule msanii wa Nairobi, Cyrus Kabiru.

Kwa wasiomjua, jamaa kazaliwa 1984, kajifunza mwenyewe, anaokota vyuma chakavu na takataka mtaani anatengeneza miwani, anaiita C-Stunners. Nikapita na simu dawati kwa dawati nawaonyesha picha, nikawapa na kile kisa chake kwamba alipokuwa mdogo alitaka miwani baba akakataa akamwambia atengeneze yake, aisee darasa zima kimya, maana hayo ya kunyimwa wanayajua.

Wiki nzima wakawa wanaleta vizibo, waya, vifuniko vya maji, makava ya simu mbovu. Ncha za waya nilizikunja mwenyewe kwa koleo, hilo msiliache kabisa, macho ya watoto hayo. Sasa kuna binti huwa haongei, kachukua vizibo viwili vya soda nikamtobolea kwa msumari, kapanga shanga nyekundu moja moja kwenye waya wa kushika sikio, kavaa, kaja mbele mwenyewe, "Mwalimu, hii ya kumwona bibi kijijini."

Ila siku ya kwanza nilionyesha picha nyingi mno, wengine wakaiga tu, safari ijayo naonyesha mbili. Aliyesema niwaache waivae wakati wa kueleza, Mungu akubariki sana.