Programu ya kutambua vilele: inafaa huku Usambara?

Mtembezi wa Soni
Wakuu, habari za jioni. Natembeza wageni Lushoto, na tukifika kijiji cha Mambo swali ni lile lile: "Ule mlima unaitwaje?" Milima ya Upare naijua, na Kilimanjaro ukijitokeza alfajiri hauhitaji utambulisho. Yale manundu ya katikati ndiyo yananitoa jasho. Nimeweka PeakFinder, lakini majina yanakaa pembeni ya vilele, na mtandao kule ukingoni ni wa kubahatisha. Shida ni simu?

Fundi Ngamiani
Dira hiyo. Vua kava kama lina sumaku, sogea mbali na gari, zungusha simu hewani kwa umbo la nane. Ikigoma, buruta mchoro kwa kidole hadi ulingane na mlima. Mtandao usikuumize kichwa: GPS inasoma setilaiti, ramani unapakua ukiwa mjini.

Bibi wa Magamba
Mwanangu, programu haioni kitu. Inachora kutokana na vipimo vya mwinuko, kama vile vya rada ya chombo cha anga Endeavour mwaka 2000. Kilimanjaro itakuonyesha hata ukungu ukiwa umefunika kila kitu! Vilima vyetu vingi havina majina humo. Waulize wazee wa Mtae, kisha uyaingize mwenyewe OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni.

Mtembezi wa Soni
Shikamoo bibi, nimekupata. Na chaji je? Simu inazima kabla hatujageuza.

Fundi Ngamiani
Zima kamera, tumia mchoro mtupu. Na beba pawabenki, kaka.