Mkono unatetemeka nikishika skrubu ya saa, nifanyeje?

Kibano: Wakuu, salaam. Najifunza ufundi saa, mwezi wa nne sasa. Kufungua saa si tatizo. Balaa ni kurudisha skrubu ndogo kwenye tundu lake: ncha ya kibano inacheza, skrubu inaruka, nusu saa niko chini ya meza na tochi. Nimejaribu kubana pumzi, ndiyo kwanza mtetemo unazidi. Nina miaka 26, pombe situmii. Naombeni ushauri.

Mzee wa Lenzi: Kabla hujailaumu mikono, viwiko vyako viko wapi?

Kibano: Hewani, mzee wangu. Meza ni ya kawaida, nainama.

Mzee wa Lenzi: Basi tatizo tumelipata. Ukiinama, shingo na mabega ndiyo yanayobeba kichwa na mikono. Yakichoka, vidole vinajua. Meza ya fundi saa hufika karibu na kifua, kazi iwe jirani na macho bila kuinama. Kama huna, inua hiyo uliyonayo au tafuta kiti kifupi. Nyayo zote sakafuni, viwiko mezani, na kidole cha mwisho cha mkono wenye kibano kiegemee kishikilio cha saa, ili mkono na saa vitikisike pamoja. Halafu legeza kibano! Wanafunzi wangu wote hukikaba kama wamekamata mwizi.

Shabaha: Pumzi usibane kifua kikiwa kimejaa. Sisi wa bastola tunatoa hewa taratibu. Kabla ya kuvuta tena kuna utulivu mfupi, hapo ndipo pa kufyatua. Ni sekunde chache tu. Zikipita hujamaliza, pumua uanze upya. Na vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo achana navyo. Kwetu ni marufuku: Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili za Olimpiki ya Beijing 2008 kwa propranolol.

Muuguzi wa Zamu: Kila mkono wa binadamu hutetemeka kidogo, takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde; lenzi inakukuzia tu. Kahawa, njaa, kukosa usingizi na kubeba mizigo huongeza. Ila kama inatetemeka hata ikiwa imepumzika mapajani, au unakonda huku moyo unakwenda mbio, kapime.

Kibano: Mrejesho, wakuu. Mapajani imetulia kabisa. Meza nimeiinua kwa vipande vya mbao, kahawa nakunywa baada ya kazi. Leo skrubu saba, imeruka moja. Bado naitafuta.