Kiwanda cha magari kinapanuliwa, lakini ajira za kudumu ziko wapi?

Ndugu wadau,

Nimechoshwa na desturi ya viwanda vya magari kutangaza maelfu ya ajira kila vinapoongeza jengo, ilhali havilazimiki kueleza ajira hizo ni za muda gani wala mwajiri wake hasa ni nani. Kiwandani ninakofanya kazi, laini ya pili ya kuunganisha magari imefunguliwa, na sisi tulioletwa na wakala wa ajira tunafungia magari milango na viti vilevile, katika zamu ileile, bega kwa bega na wenzetu wa kudumu, kwa ujira mdogo kuliko wao na kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkataba ukiisha, anaingia mwingine mahali pako, naye anahesabiwa kuwa ajira mpya.

Hesabu ya walioingia haijawahi kuwa hesabu ya waliobaki. Mwaka 1913, kampuni ya magari ya Ford ilipoanzisha laini inayotembea (gari linasogezwa kutoka mfanyakazi mmoja hadi mwingine) katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, Marekani, iliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu iwe na wafanyakazi wapatao 14,000, kwa kuwa watu waliikimbia kazi ile. Hali ilianza kutulia mwaka 1914, ulipotangazwa ujira wa dola 5 kwa siku ya saa nane (nao ulikuwa na masharti yake, hata ya kuchunguzwa maisha ya nyumbani).

Jengo likiwa kubwa maradufu, watu hawawi maradufu. Uchomeleaji wa bodi za magari umeshikwa na roboti, na upakaji rangi kwa sehemu kubwa vilevile. Mikono inahitajika zaidi kwenye uunganishaji wa mwisho, na huko ndiko vibarua wanakorundikwa. Nafasi za kudumu zinazoongezeka ni za mafundi wa kutunza roboti hizo, na tangazo lake linadai uzoefu wa miaka ambao hakuna kibarua anayeruhusiwa kuupata, kwa sababu mafunzo ya ndani ni ya wenye mikataba ya kudumu peke yao. Hili ndilo linaloniuma kuliko hata ujira.

Ninataka kila tangazo la upanuzi litenganishe ajira za kudumu na za wakala, litaje waliotoka pamoja na walioingia, na anayeifanya kazi ileile kwa mwaka mzima asailiwe kwanza kabla nafasi haijapelekwa nje. Wenye mikataba ya wakala katika viwanda vingine, elezeni hapa kama kwenu kuna utaratibu wa kuingizwa kwenye ajira ya kudumu na unafuatwaje.