RPG za zamani zilizotolewa upya: ninunue au nibaki na za kale?

Kete_Tatu: Wakuu habari zenu. Nimeshikwa na hamu ya kurudia RPG (michezo ya kuvaa uhusika na kufuata hadithi) za kompyuta za miaka ya 90, hasa Baldur's Gate ya 1998 na Planescape: Torment ya 1999. CD za Baldur's Gate ninazo zote tano ila kompyuta ya sasa haina hata pa kuziingizia. Naona zote mbili zina Enhanced Edition, yaani toleo jipya lililoboreshwa. Je, zimeboreshwa kweli au msitu mpya nyani wale wale?

BibiMchawi: Baldur's Gate chukua mpya mkuu, hapo hakuna mjadala. Ile ya kale ilitengenezewa skrini ya 640 kwa 480, ukiifungua leo ama inavutika mpaka watu wanakuwa kama wamekanyagwa, ama unabandika modi (nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki) ya kurekebisha ukubwa na maandishi yanageuka chawa, mimi nilikuwa nasogeza pua mpaka kwenye kioo nisome maelezo ya uchawi mmoja tu. Mpya unakuza maandishi, unazungusha gurudumu la mausi ramani inasogea karibu, na aina za wahusika za kuchagua za Baldur's Gate II zimo humo humo kwenye ya kwanza. Kinachonikera ni wahusika waliopachikwa, akina Neera na Dorn. Wanaongea hao! Wale wa zamani wanakutupia sentensi mbili wananyamaza.

Mkongwe_wa_DOS: Mi napinga kidogo. Sio kila toleo jipya ni bora. Kuna moja silitaji jina, nililipia siku ya kwanza, nikifika mlango fulani linagoma, nikawasha la zamani sehemu ile ile nikapita kama maji. Halafu modi za miaka ishirini zilizoandikwa kwa la kale haziingii zote kwenye jipya. Kama una mkusanyiko wako wa modi, usihame.

BibiMchawi: @Mkongwe_wa_DOS hilo la modi nakubali. Ila pale GOG, duka la michezo la mtandaoni, ukinunua Enhanced Edition ya Baldur's Gate wanakupa na ya asili, sasa ugomvi wa nini?

Mkongwe_wa_DOS: Ugomvi sina, nina modi 😂

taa_ya_pango: Watu mnasahau za bure. Daggerfall ya 1996 haiuzwi, unaishusha bure kihalali, na mashabiki wameijenga upya kwa Unity, programu ya kutengenezea michezo, toleo 1.0 likatoka mwisho wa 2023. Umbali wa kuona umeongezeka na mausi inaitika vizuri, sio ile ya zamani unageuka kama trekta. Icewind Dale II nayo haijapata Enhanced Edition rasmi kwa sababu msimbo wake wa asili wa programu haukupatikana, mashabiki wakaingia kazini wenyewe.

Sajenti_Goblini: Angalia na kompyuta yako inabeba nini. Oblivion ya 2006 ilikuwa chini ya GB 5, ile iliyotolewa upya 2025 inataka zaidi ya GB 100, picha zinachorwa na injini mpya ya michezo, Unreal Engine 5, lakini injini ya zamani bado inaendesha mambo kwa chini, kwa hiyo watu wa mjini bado wanaongea vitu vya ajabu vile vile, nami sitaki warekebishwe. Kwangu mfano bora ni Diablo II: Resurrected, unabonyeza G picha zinarudi za mwaka 2000 hapo hapo. Nilipobonyeza mara ya kwanza nikashtuka, kumbe kichwani nilikuwa naikumbuka nzuri kuliko ilivyokuwa.

Kete_Tatu: Asanteni wakuu. Nimeanza na Planescape, Enhanced Edition ya 2017. Nimeamka juu ya meza ya maiti, fuvu linaelea linanisemesha, saa nzima nasoma tu sijampiga mtu hata kofi. Maandishi nimeyakuza mpaka mwisho. Baldur's Gate naichukua wikiendi, CD zangu nitaendelea kuzifuta vumbi.