Mlinzi wa mpaka achape kazi bila mshahara, mbunge alipwe kama kawaida. Marekani, huu ni upuuzi!

Wakuu, anayetaka lugha ya kubembeleza apite uzi mwingine.

Kila bajeti ya Marekani ikikwama bungeni, serikali inafungwa, yaani shughuli nyingi za serikali kuu zinasimama kwa kukosa pesa. Maofisa wa forodha, askari wa mipakani na wakaguzi wa abiria viwanjani wanaambiwa nyie ni muhimu, njooni kazini, mshahara baadaye. 2018 kuingia 2019 ilikuwa siku 35. 2025, tangu Oktoba 1 hadi Novemba 12, siku 43, na kabla ya hapo hakuna kufungwa kokote kuliwahi kufika huko. Kugoma hawawezi, maana kwa mtumishi wa serikali kuu kule mgomo ni kosa la jinai. Waongoza ndege walijaribu 1981, Rais Reagan akafukuza zaidi ya 11,000.

Wabunge je? Mishahara yao haisubiri bajeti ya kila mwaka. Inaingia tu. Waliosababisha mkwamo wanakula, aliyesimama getini usiku kucha anapanga foleni ya chakula cha msaada.

Msiniambie "si kuna sheria ya 2019, watalipwa malimbikizo yote". Walimu wa Bongo, waelezeni hawa malimbikizo ni kitu gani! Mwenye nyumba hapokei malimbikizo. Mkopo wa gari haujui kama Seneti imekosa kura.

Kilichonitibua zaidi ni ubaguzi. Oktoba 2025 wizara ya usalama wa ndani ilichota pesa kwenye ile sheria kubwa ya matumizi ya Julai, ikawalipa askari wake zaidi ya 70,000, wa mipakani wakiwemo. Safi, walistahili. Lakini mkaguzi wa abiria, wizara ileile, hakupata kitu. Ofisa anayegonga pasipoti kalipwa, anayepekua mabegi kwenye jengo hilohilo hajalipwa. Na ukikata tiketi ya ndege kule unatozwa dola 5.60 za usalama kwa kila safari ya upande mmoja. Tozo hiyo haikusimama hata siku moja.

Ndiyo maana miswada ya kulipa kundi moja moja hainiingii akilini. Leo walinzi wa mpaka, kesho waongoza ndege, mpishi wa kambi atasemewa na nani? Iandikwe hivi: ukiamriwa kufanya kazi, unalipwa tarehe yako, bajeti ipite isipite.

Na ilijaribiwa! Oktoba 23, 2025 muswada wa namna hiyo wa Seneta Ron Johnson wa Republican ulipata kura 54 kwa 45, zikahitajika 60 ili usonge mbele. Wademokrati wengi waliukataa, wakidai unampa Rais nafasi ya kuchagua nani alipwe. Seneta Chris Van Hollen, Mdemokrati, akaleta wake, unaojumuisha hata waliorudishwa nyumbani bila malipo, Johnson akaupinga. Basi. Kila upande ulikuwa na muswada wake mkononi, na watu wakaendelea kufanya kazi bure. Kwa sababu wakilipwa, mateka watakuwa wameachiwa, na hapo bajeti utaikwamisha kwa kumtishia nani?

Na wewe unayekuja kuandika "kazi walichagua wenyewe", anza kwa kutuambia bosi wako akikwambia fanya sasa, nitakulipa tukipatana na mwenzangu, kesho asubuhi utaamka kwenda?