Eti "wewe tupige picha"! Wakuu, huyu kapteni wetu nimfanyeje?

FundiBreki:
Mods msiufute huu uzi, nina hasira na mikono bado ina grisi.

Simtaji jina. Ya nini, mnamjua. Yule yule wa jaketi la timu lenye jina lake mgongoni kwa herufi kubwa kuliko namba ya gari. Anaingia karakana, anauliza "tunaendeleaje?", anatoka. Hajakaza hata nati moja tangu dunia iumbwe. Mpe grenda uone, ataishika kama kashikishwa nyoka.

Leo tulikuwa mbele ya majaji wa usanifu. Kwa wasiojua, kwenye Formula SAE, yale mashindano ya wanafunzi wa vyuo kuunda magari ya mbio, usanifu peke yake una pointi 150 kati ya 1,000, na jaji hataki ngonjera, anataka umwambie kwa nini kila kitu kimekaa kilivyokaa. Sasa breki za lile gari ni zangu. Saketi mbili zinazojitegemea, ili moja ikivuja nyingine ishike. Nimezichora mimi, mahesabu nimepiga mimi, hewa kwenye mabomba nimetoa mimi, nimelala chini ya gari mafuta ya breki yananichuruzikia hadi kwapani.

Jaji akauliza swali la bure kabisa: kwa nini breki za mbele mmezipa nguvu zaidi? Si ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinashika zaidi, basi unazipa kazi zaidi! Nikafungua mdomo. Mheshimiwa akanyanyua mkono, akajibu yeye: "Ni kwa sababu za aerodainamiki."

Yaani hewa inavyolikandamiza gari! Gari halina bawa, jamani. Halina bawa la mbele, halina la nyuma.

Nikameza. Majaji wakamaliza, mmoja akasema tupige picha na timu ya breki. TIMU YA BREKI. Nikajifuta mikono, nikasogea. Yule bwana akachomoa simu yake, akaniwekea kiganjani: "Wewe tupige picha."

Wewe. Tupige. Picha.

Kwenye picha ya timu ya breki yupo yeye, yupo swahiba wake wa kurusha video mtandaoni, na yupo jamaa mmoja ambaye naapa hata chuoni kwetu hasomi. Mimi nimo pia, ni kile kidole kwenye kona. Halafu akaikagua, akanirudishia simu: "Rudia, umekata jaketi."

RUDIA!

Jana tu kwenye jaribio la breki tairi zote nne zilijifunga kwa mpigo, gari likasimama limenyooka kama mstari wa rula. Watu wakashangilia. Leo "wewe tupige picha". Nitalala kweli?

NatiLegevu:
Nimecheka hadi nimetolewa maktaba 😂 Kwa hiyo ulirudia?

FundiBreki:
Nilirudia mkuu. Ndiyo uchungu wenyewe.

SaketiFupi:
Pole, ila wewe angalau umekabidhiwa simu. Sisi wa umeme tunaitwa usiku wa kuamkia ukaguzi, gari limeshafungwa kila mahali, eti "pitisha waya". Nipitishe wapi, puani kwa dereva? Kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye chasisi kikizima gari, lawama zangu.

MsomiWaHewa:
Kiufundi kapteni hajakosea sana. Kwenye mwendo mkubwa hewa hulikandamiza gari chini, mzigo kwenye tairi unaongezeka, na mgawanyo wa breki unaofaa unaweza kubadilika.

FundiBreki:
GARI HALINA BAWA

MsomiWaHewa:
Nimesema kiufundi.

FundiBreki:
Wewe ndiye yeye?

Kibatari:
Naona chai hapa. Majaji gani wanaomba picha? Tupia hiyo picha tuione.

FundiBreki:
Picha anayo YEYE. Ipo kwenye simu YAKE. Unasoma nyuzi kwa miguu?

MkaliWaProgramu:
Mnalia waya na picha. Timu yetu ya roboti, mafundi wanang'arisha bati miezi na miezi, mimi nakabidhiwa roboti asubuhi ya mashindano: "Si programu tu, andika chap." Ikagonga ukuta. Wote wakanigeukia. Kumbe mota ya kushoto walibadilisha waya, inazunguka kinyume!

SaketiFupi:
Hapo kwenye waya msituingize.

MtumbwiZege:
Njooni kwetu kwenye mtumbwi wa zege. Marekani wana mashindano yake ya kitaifa tangu 1988, sisi tumehangaika kuchanganya zege jepesi kuliko maji, kulipima, kulimwagilia lisikauke haraka. Siku ya kuutoa kwenye kalibu akaja mtu wetu, naye simtaji, akapanda juu apige selfi. Ukapasuka katikati. Anatuambia "si zege hilo?"

NatiLegevu:
Huyo na wa FundiBreki wamenyonya ziwa moja.

MhazinMpole:
Mimi ni mhazini wa timu moja hivi. Mafundi ndio mnaoua timu. Mtu namdai risiti ya bolti, ananiletea picha ya bolti.

SaketiFupi:
Subiri. Wewe siyo uliyeninyima hela ya fyuzi?

MhazinMpole:
Sikukunyima. Nilisema leta bei kutoka maduka matatu.

NatiLegevu:
Maduka matatu, fyuzi moja 😂😂

FundiBreki:
Jamani uzi ni wa picha.

MtumbwiZege:
Wa kwetu alitaka risiti ya maji ya kuchanganyia zege.

KijanaRoketi:
Wetu aliuliza kama parachuti linaweza kurudishwa dukani likishatumika.

MhazinMpole:
Swali halali kabisa. Lilirudi?

KijanaRoketi:
Parachuti lilirudi. Roketi bado tunaitafuta.

MhazinMpole:
Basi leta risiti ya roketi.